Mvuvi Aliyegeuka Mama: Nani Kasema Mwanamke wa Kale Alikaa Jikoni?

Natumaini wote mmevuka msimu wa giza salama, na wale wa mwaka wa kwanza sasa mmeshaelewa kwa nini sisi wakongwe wa hapa tunameza vitamini D kama karanga. Mhariri aliniomba niandike kidogo juu ya masomo yangu, kwa lugha ambayo mtu wa uhandisi au wa uchumi ataielewa bila kukuna kichwa. Mimi nasoma akiolojia, yaani kazi ya kufukua mabaki ya watu wa zamani na kujaribu kuelewa waliishije. Kila nikiitaja, watu hucheka na kuniuliza kama kuna ajira. Ajira tutaizungumza siku nyingine. Leo nataka tuzungumze jambo linalotuhusu wote, wake kwa waume: tunajuaje nani alifanya kazi gani katika enzi zile ambazo binadamu wote walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini? Na kwa nini majibu yanabadilika kila baada ya miaka, ilhali mifupa ni ileile?

Naanza na mama mmoja wa hapahapa Sweden.

Mwaka 1939, huko Barum katika jimbo la Skåne, kusini mwa nchi hii, lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa amekaa, magoti yamekunjwa, ndani ya shimo jembamba. Kaburi hilo lina umri wa miaka kama 9,000. Wakati huo hapakuwa na shamba wala ng'ombe Skåne. Watu waliishi kwa samaki, wanyama na mavuno ya msituni. Pembeni ya mifupa kulikuwa na vitu viwili: ncha ya silaha iliyochongwa kwa mfupa na kupachikwa vipande vikali vya gumegume ubavuni, na kifaa kingine cha mfupa kilichofanana na patasi. Wataalamu wakaitazama ile silaha, wakatazama na ziwa lililo karibu, wakasema huyu ni mwanamume, tena mvuvi. Wakampa jina la Mvuvi wa Barum. Kwa miaka thelathini Waswidi walimjua kwa jina hilo, na hakuna aliyeona tatizo.

Basi mwaka 1970 mtaalamu wa mifupa aitwaye Nils-Gustaf Gejvall akaikagua mifupa ile upya, na nyonga ikamweleza habari nyingine kabisa. Mvuvi alikuwa mwanamke. Tena si mwanamke tu: Gejvall aliona kwenye nyonga alama ambazo siku hizo zilichukuliwa kuwa makovu ya uzazi, akahitimisha kwamba mtu huyu alikuwa amezaa mara nyingi. Makala yake ilitoka katika jarida la Fornvännen mwaka huohuo. Kichwa chake kilisema kwamba mvuvi wa Barum ni mama wa watoto kadhaa, na hapo akaweka alama ya mshangao. Hebu fikirieni, alama ya mshangao kwenye kichwa cha makala ya kisayansi! Ni kama mtu anayekwambia, "We, husikii? Yule mvuvi kumbe mama!"

Mara ya kwanza nilipomwona, kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia pale Narvavägen, alikuwa amekaa nyuma ya kioo vilevile alivyozikwa. Ni mdogo wa umbo, kimo chake kama mita moja na nusu na ushee. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilichokuwa nafikiria si ile hadithi ya kukosea jinsia, maana kukosea ni kawaida na sayansi ndivyo inavyojirekebisha. Kilichonigusa ni majina. Alipokuwa mwanamume aliitwa kwa kazi yake. Alipogeuka mwanamke aliitwa kwa uzazi wake. Silaha ilikuwa palepale, patasi ilikuwa palepale, hakuna kilichohama ndani ya kaburi. Kilichohama ni macho ya watazamaji. Kama ile ncha ilitosha kumfanya mwanamume awe mvuvi, kwa nini haikutosha kumbakisha mwanamke kuwa mvuvi?

Na kuna zaidi. Wataalamu wa leo wanasema zile alama za nyonga si ushahidi wa kutegemewa. Zinaweza kuonekana kwa mtu ambaye hajazaa, na aliyezaa anaweza asiwe nazo. Kwa hiyo hata hao watoto wengi wa mama yetu hatuna hakika nao. Kinachobaki ni kwamba alikuwa mwanamke mtu mzima, na waliomzika walimwekea silaha na patasi. Mengine yote tumemvisha sisi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba silaha kaburini ni lazima iwe ya marehemu. Inawezekana ni zawadi ya wafiwa, inawezekana ni alama ya heshima, kama sisi tunavyoweza kumzika mzee na fimbo ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu. Swali hilo ni halali kabisa. Ninachosema ni kwamba swali liulizwe kwa kila kaburi. Lisisubiri mpaka nyonga iseme ni mwanamke ndipo ghafla tuwe waangalifu.

Mfano wa pili mnaujua wengi, maana ulizunguka dunia nzima. Kule Birka, kwenye kisiwa cha Björkö ndani ya ziwa Mälaren, mwaka 1878 Hjalmar Stolpe alifukua kaburi ambalo leo linaitwa Bj 581. Hao hawakuwa wawindaji na wakusanyaji, walikuwa watu wa biashara na vita wa karne ya 10, lakini somo ni lilelile. Kaburini kulikuwa na upanga, shoka, mkuki, mishale, ngao mbili na farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vikamtaja kama shujaa wa kiume, mfano bora wa mpiganaji wa Kiviking. Anna Kjellström, mtaalamu wa mifupa wa chuo chetu hikihiki, akaikagua mifupa akasema inaonekana ni ya mwanamke. Mwaka 2017 vinasaba vikathibitisha. Weeee! Maswali yakamiminika. Eti mifupa haikuchanganywa na ya kaburi jingine? Eti silaha hazikuwa za mumewe? Eti hapakuwa na maiti ya pili iliyooza ikaisha? Watafiti wakalazimika kutoa makala nyingine mwaka 2019 kujibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Ni maswali mazuri. Ila kwa miaka mia moja na zaidi, maiti alipodhaniwa mwanamume, watu hawakupata tabu kuyauliza.

Sasa mtaniuliza, hayo ya Skåne na Birka yanatuhusu nini sisi tuliokuja na mabegi yetu kutoka Dar, Kampala, Bukavu na Mombasa? Yanatuhusu sana. Niwape mfano ambao baadhi yenu mlikuwepo. Tulikuwa kwenye jiko la korido pale Lappis, tunapanga sherehe ya tarehe 9 Desemba. Orodha ya kazi ikatoka: akina dada saba, pilau, chapati na sambusa za watu themanini. Akina kaka, muziki, viti, na kitu kilichoandikwa "ulinzi". Nilipouliza, kaka mmoja (simtaji, ni mtu mzuri na chapati zangu anazipenda) akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, hayo ni maumbile. Tangu enzi za mawe mwanamume porini, mwanamke jikoni. Si nyie wenyewe wa akiolojia mnaosema?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ile hoja ya maumbile sikuiacha. Kwanza, siku ile sikumwona kaka hata mmoja akirudi kutoka msitu wa Lill-Jansskogen na swala begani. Nyama tuliinunua dukani, tena waliokwenda kununua ni wale wale akina dada. Pili, na hili ndilo zito, yule kaka hakubuni. Ni kweli wasomi waliwahi kusema hivyo, na nataka tujue walisema lini na kwa ushahidi gani.

Mwaka 1966 ulifanyika mkutano mkubwa Chicago, ukawakusanya wasomi waliokuwa wakichunguza jamii za wawindaji na wakusanyaji duniani. Kitabu kilichotokana nao kikatoka mwaka 1968, kimehaririwa na Richard Lee na Irven DeVore, na jina lake ukiliweka kwa Kiswahili ni Mwanamume Mwindaji. Ndani yake kulikuwa na hoja kwamba uwindaji ndio uliomfanya binadamu awe binadamu: akili, ushirikiano, zana, hata familia, vyote vimezaliwa na mwanamume aliyekwenda kuwinda. Mwanamke katika hadithi hiyo anasubiri kambini. Lakini kituko ni hiki: katika kitabu hichohicho, Lee mwenyewe alionyesha kwamba kwa Wakung wa jangwa la Kalahari, kama theluthi mbili ya chakula kilitokana na mimea, na wakusanyaji wake wakuu ni wanawake. Ushahidi ulikuwa ndani, na jina la kitabu likakaa nje likisema jingine. Na kama mnavyojua, watu wengi husoma jalada tu.

Wanawake wasomi hawakunyamaza. Sally Slocum aliandika miaka ya 1970 kwamba tukiacha kumwangalia mwanamume peke yake, huenda tukaona kuwa kati ya zana za kwanza kabisa za binadamu ni chombo cha kubebea: cha kubebea chakula kilichookotwa, na cha kubebea mtoto. Kwa lugha yetu, kikapu na mbeleko. Mimi nilipoisoma hoja hiyo nilicheka peke yangu maktaba. Nani kati yetu hakubebwa mgongoni? Ila mbeleko ya ngozi au ya magome ya mti inaoza, haimsubiri mwanaakiolojia miaka laki moja. Jiwe lililochongwa linamsubiri.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yetu, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ni jambo ninalolijua kutoka nyumbani. Mimi ni mtoto wa Karatu. Majirani zetu upande wa ziwa Eyasi ni Wahadzabe. Tulipokuwa wadogo watu walikuwa wakiwaita Watindiga, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na shuleni tuliwasikia wakitajwa kana kwamba ni mabaki ya enzi za mawe yaliyosahaulika porini. Kumbe ni watu wa leo kama sisi. Ncha za chuma za mishale yao wanazipata kwa wahunzi wa Kidatoga, asali wanabadilishana, watoto wengine wako shule, na mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Wote kwa ujumla ni kama elfu moja na kidogo, na wanaotegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao ni mia chache tu.

Niliporudi likizo nilipata bahati ya kuongozana na akina mama wanne kwenda kuchimba mizizi. Kila mmoja alikuwa na mti wake uliochongwa ncha na kukazwa kwenye moto. Wanagonga ardhi, wanasikiliza mlio, wanajua mzizi uko wapi na una ukubwa gani. Mkubwa wao alikuwa bibi ambaye kwa makadirio yangu alikuwa amepita miaka sitini, na ndiye aliyeng'oa mawe makubwa kuliko wote. Mchana wakawasha moto palepale, wakachoma, wakala, wakacheka, iliyobaki wakafunga kwenye nguo na kurudi kambini. Tulipoondoka nilitazama nyuma. Palikuwa na mashimo, majivu kidogo na maganda. Mvua mbili tatu zikinyesha hapo, nani atajua kwamba watu wanne walishinda pale wakilisha kambi nzima?

Hilo ndilo tatizo. Mwanamume wa Kihadza akiua pundamilia, mifupa inabaki, na zamani za mawe hata ncha ya mshale ingebaki. Mti wa kuchimbia unaoza, mzizi unaliwa wote. Baada ya miaka elfu kumi mwanaakiolojia atafika, atakuta mifupa na ncha, ataandika "kambi ya wawindaji". Hajadanganya. Ameandika alichokiona. Lakini nusu ya kambi imeoza kabla hajafika. Ndiyo maana habari ya mwaka 2020 ilitufurahisha sana: Lyn Wadley na wenzake walitangaza kwamba katika pango la Border Cave, Afrika Kusini, wamekuta mizizi iliyoungua kwenye majivu ya kale, umri wake kama miaka 170,000. Kwa mara moja tukaona chakula ambacho kwa kawaida hakionekani.

Wahadzabe hawa wamechunguzwa sana. James Woodburn alianza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950. Miaka ya 1980 wakaja Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, wakahesabu nani analeta nini kambini. Wakakuta kwamba mwindaji alimpata mnyama mkubwa kwa wastani kama siku 3 katika kila siku 100 za kuwinda. Siku 97 anarudi bila mnyama mkubwa! Akipata, kambi nzima inakula na ni sherehe. Wanaume huleta asali pia, na wanyama wadogo na ndege. Lakini cha kila siku, kile ambacho mtoto akilia anapewa, kinategemea sana mizizi, matunda na ubuyu wa akina mama. Na mama akiwa amejifungua na hawezi kwenda mbali, kazi ya bibi ndiyo iliyoonekana kwenye uzito wa wajukuu. Kutokana na hapo ikazaliwa nadharia kwamba huenda bibi ndiye sababu ya binadamu kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Hebu linganisheni na Chicago 1966: kwanza tuliambiwa mwindaji ndiye aliyetufanya binadamu, halafu bibi mwenye mti wa kuchimbia akaingia mlangoni.

Lakini hapa lazima niwageukie na rafiki zangu wa upande wa pili. Kwenye fika zetu za saa tisa kuna wenzangu Waswidi wanaopenda kuniambia kwamba kabla ya kilimo dunia ilikuwa peponi, mke na mume sawasawa, hakuna bosi wala mtumwa, na wananitazama kana kwamba mimi nitathibitisha maana natoka jirani na Wahadzabe. Ni kweli Woodburn aliwaeleza kama watu wenye usawa mkubwa: hakuna chifu wa kuamuru, mwanamke akichoka na ndoa anaweza kuiacha, na mara nyingi wanandoa hukaa kambi ya mama wa mke, mkwe akilazimika kuonekana mtu wa maana. Ila kuna pia nyama ya epeme. Sehemu fulani za mnyama mkubwa ni za wanaume waliokwishaingizwa kwenye siri yao tu, wanazila faraghani, na mwanamke haruhusiwi hata kuona. Pepo gani yenye mnofu wa kufichwa? Wahadzabe hawakuumbwa wawe ushahidi wa kaka yangu wa Lappis, wala wa wenzangu wa fika. Wana maisha yao, yenye mazuri na magumu yake.

Nikitaka kuonyesha jinsi tunavyojipaka wenyewe juu ya zamani, mfano ninaoupenda kuliko yote uko nyumbani kwetu, Laetoli, kusini mwa Ngorongoro. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, mkubwa na mdogo sambamba. Hao ni wa kale mno, hata neno binadamu linawapwaya. Baadaye, katika jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York, wakatengenezewa sanamu: dume anatembea na jike, na mkono wake umemkumbatia begani. Wapenzi wawili jioni, kama tunaowaona Djurgården mwezi wa Juni. Jamani, nyayo hazina mikono! Halafu mwaka 2016 Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakatangaza nyayo nyingine za palepale Laetoli, mmoja wao mrefu kuliko wote, kama sentimita 165. Wakapendekeza kwamba huenda huyo alikuwa dume mmoja na majike kadhaa, mfano wa sokwe wakubwa waitwao gorila. Wakatoa sababu zao, zinajadilika. Lakini oneni wenyewe: majivu yaleyale, mara ndoa ya mume na mke mmoja, mara mume na wake wengi. Hao waliotembea walikuwa wanakwenda zao tu.

Miaka ya karibuni mzani umeegemea upande mwingine. Mwaka 2020 Randall Haas na wenzake walitangaza kaburi la Wilamaya Patjxa, kwenye milima ya Peru, la msichana wa miaka kati ya 17 na 19 aliyezikwa na seti ya zana za kuwindia wanyama wakubwa. Umri wa kaburi ni miaka kama 9,000, yaani wakati mmoja na mama wa Barum, bahari na bahari mbali. Mwaka 2023 ikatoka makala iliyohesabu kwamba katika jamii 63 za wawindaji na wakusanyaji, wanawake wanawinda katika asilimia 79. Magazeti yakashangilia. Mwaka uliofuata wataalamu wengine wakajibu kwamba jamii hizo hazikuchaguliwa vizuri, na kwamba mwanamke aliyewinda mara moja amehesabiwa sawa na anayewinda kila wiki. Wakasisitiza kuwa wanawake wanawinda kweli, ila katika jamii nyingi wanaume ndio wawindaji wakuu wa wanyama wakubwa.

Mimi naona wote wametusaidia, kwa sababu wametulazimisha tuseme tunamaanisha nini tukisema "kuwinda". Nendeni Ituri, mashariki ya Kongo. Wambuti wanaowinda kwa nyavu hupanga wanaume wakae na nyavu kwa nusu duara, na wanawake na watoto wanapita msituni wakipiga kelele kuwafukuza wanyama waingie. Mnyama akinaswa, nani kawinda? Yule mwenye wavu peke yake? Bila kelele za akina mama wavu ungenasa majani.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka yangu, na kwa yeyote anayetumia enzi za mawe kugawa kazi za leo, ni fupi. Ndiyo, mgawanyo wa kazi kati ya mwanamke na mwanamume ulikuwepo na upo katika jamii nyingi za aina hii. Hapana, haukuwa mmoja kila mahali, na katika mgawanyo huo mwanamke hakukaa jikoni akisubiri. Alitembea kilomita nyingi, alichimba, alibeba, alilisha. Na hata tungepata ushahidi kamili kwamba watu wa kale waliishi hivi au vile, hiyo ni habari, siyo amri. Watu wa kale walilala mapangoni pia, mbona kaka hajaomba chumba pangoni?

Kwenye fani yangu nimejiwekea kanuni moja, na naikabidhi kwenu muitumie popote, hata kwenye vikao vyetu vya Jumamosi. Kila ukitaka kusema jambo juu ya kaburi la mwanamke, jiulize: ningesema hivyo kama lingekuwa la mwanamume? Na kinyume chake. Mwanamume akizikwa na upanga tunamwita shujaa, sawa, basi na mwanamke naye, au wote wawili tuwaulizie. Mwanamke akizikwa tunahesabu watoto wake, sawa, na mvuvi naye mbona hakuulizwa alizaa wangapi? Mizani iwe moja. Kinachoniuma ni kwamba mama wa Barum alipoteza kazi yake siku aliyopewa jinsia yake, na hakukuwa na mtu wa kumtetea. Sisi tuko hai, tuna midomo.

Wenye nafasi nendeni siku moja Narvavägen, na mkirudi likizo Tanzania msiishie Zanzibar, fikeni Karatu niwaonyeshe kwetu. Na kamati ya sherehe ijayo naiomba jambo moja: karatasi ya kujiandikisha kazi itoke bila majina, kila mtu achague. Mimi tayari nimechagua ulinzi.

Naomba kuwasilisha.